Nakala ya Tatu ya Papa Delege

Kiwandani kwetu mtu hakuweza kufiwa na babu mmoja mara tatu. Mara mbili, haya. Ya tatu Delege alikataa.

Kile kiwanda cha unga wa mahindi, hapa Lubumbashi, kilikuwa na desturi moja. Ukichelewa au ukikosa kazini, ofisi ya personeli ilikuletea karatasi tuliyoiita explikasyo: eleza kwa maandishi, ndani ya siku mbili, kwa nini ulifanya ulichofanya. Sisi tulikuwa watu wa mashine na magunia. Kalamu ilitulemea kuliko gunia. Basi tulimwendea mwakilishi wetu wa sendika, chama cha wafanyakazi, ambaye kila mtu alimwita Delege, naye alituandikia majibu. Siku moja Kabwe, mpakiaji mwenye kifua kama mlango, alikuja na karatasi yake akitaka iandikwe kwamba alikuwa kwenye matanga ya babu yake. Delege alifungua kabati la chuma, akatoa faili, akavaa miwani.

"Uyu nkambo yako iko na dossier," akasema. "Alikufaka mu mwezi wa tatu. Akakufa tena mu mwezi wa munane. Sasa unataka nimuue mara ya tatu? Apana. Tafuta muntu mupya."

Kabwe akakuna kichwa, akampata shangazi anayeishi Mitwaba. Delege akauliza kama shangazi yuko hai. Kabwe akasema yuko hai sana. Delege akaandika kwamba ni mgonjwa.

"Mugonjwa anaweza kupona," akatufundisha. "Maiti ikipona, njo matata."

Nilifanya kazi naye miaka mingi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya mishahara, lakini hata mkewe alimwita Delege. Ninaandika habari zake leo kwa sababu karatasi zake ziliokoa kazi yangu siku ambayo bila kazi ile ningeweza kumpoteza mke wangu. Na kwa sababu baada ya kuokolewa nilimnyima salamu miaka sita.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata mwezi wa kumi, joto linapochoma mabati. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa umeharibika zipu, akaufunga kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli. Saa yake ya mkononi aliilinganisha na redio kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Alikuwa na msemo wake mmoja: "Maneno ya kinywa haina tarehe." Ukimwambia jambo akiwa anatembea, alisimama, akakutazama kwa huruma, akakuuliza kama umeliandika.

Wengine husema mtu fulani anapenda karatasi, wakimaanisha ni mkali ofisini. Huyu alikuwa hivyo maisha yake yote. Alipochoka kuimba katika kwaya ya parokia, alimwandikia rais wa kwaya barua ya kujiuzulu, akatoa taarifa ya miezi mitatu kama sheria ya kazi inavyotaka. Kwa miezi hiyo mitatu aliimba kila Jumapili bila kukosa, tena akawahi kuliko zamani. Siku ya mwisho akakabidhi kitabu cha nyimbo, akadai cheti cha kumaliza kazi. Padri alikiandika. Nimekiona kwa macho yangu: kinasema aliondoka akiwa huru kutokana na kila ahadi.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Siku moja sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilizidi chumvi, naye akamwandikia mkewe explikasyo. Mama Delege aligeuza karatasi, akajibu nyuma yake kwa kalamu ya risasi: "Munyu iko mu mukebe. Kesho upike weye." Delege aliiweka kwenye faili. Alitusomea kiwandani kwa fahari, akasema katika maisha yake yote lile ndilo jibu bora alilowahi kupokea: fupi, wazi, na lilifika kwa wakati.

Sikuelewa wakati ule kwa nini fahari ile ilikuwa na uchungu ndani yake. Nilikuja kuelewa kwamba kurugenzi haikumjibu hata mara moja. Aliomba viatu vya usalama, kimya. Aliomba feni ya chumba cha kupimia unga, kimya. Yeye aliendelea kuandika, na pale mapokezi walimpigia muhuri wa "Imepokelewa" kwenye nakala yake, naye akaondoka na ule muhuri kama mtu aliyelipwa.

Wema wake ulichosha. Wapakiaji wawili walipogombania kipande cha sabuni bafuni, aliwasikiliza kwa mapumziko mawili ya mchana, akaita mashahidi, akaahirisha kesi, akaifungua tena. Alipofikia uamuzi sabuni ilikuwa imekwisha, kwa maana mashahidi walikuwa wakiogea ushahidi.

Kitu kimoja alikichukia kwa moyo wote, nacho ni kamari. Parokia ilipochezesha bahati nasibu ya jogoo, alitoa mchango wake akarudisha tiketi. Vijana wakirusha sarafu kuamua nani ataanza kupakia, aligeuza uso. Hatukujua sababu, na hatukuuliza. Tulimchukulia kama mtu asiyekula nguruwe.

Sasa, mchezo wenyewe niliuanzisha mimi. Sitamsingizia mtu.

Umeme ulikuwa ukikatika karibu kila siku, na hakuna aliyejua saa. Mashine zilizimika, tukakaa juu ya magunia tukipiga miayo. Asubuhi moja niliwaambia wenzangu: kila mtu ataje saa ya kukatika, na atakayekaribia ale samaki wa wenzake. Kantini ilitupa bukari, yaani ugali, na kipande kimoja kimoja cha samaki mchana. Aliyeshindwa alikula bukari na mchuzi, akimwangalia mshindi akitoa miiba. Tulikuwa watano. Ulikuwa upuuzi mtamu. Siku zilizokuwa ndefu zikawa fupi, na sisi ambao zamani tuliulaani umeme ukikatika, tukaanza kuungojea kama mgeni.

Siku ya tatu ngumi zilitaka kuruka. Kabwe alisema saa nne, mwingine akasema saa nne na robo, umeme ukakatika katikati, na kila mmoja akaonyesha saa yake. Mchana bado walibishana, na samaki walikuwa tayari kwenye sahani. Delege alitokea mlangoni na mkoba wake. Nilidhani atatushtaki. Alitutazama mmoja mmoja, na mimi alinitazama zaidi.

"Iyi mambo iko mubaya," akasema. "Na iko mubaya zaidi juu haiko na karatasi."

Tangu siku ile saa yake ndiyo ikawa saa rasmi, na kila mchezo uliandikiwa PV, yaani hati ya tukio, yenye sahihi za wote watano. Hakucheza hata mara moja. Hakugusa samaki hata mmoja. Aliandika, akikunja midomo kama mtu anayeosha choo cha wengine. Nakumbuka moja kwa moyo: "Leo, saa nne na dakika kumi na mbili, umeme umekatika. Ndugu Kabwe alitaja saa nne kamili na hakuna aliyekaribia kumzidi. Samaki wanne wamekabidhiwa kwake wakiwa katika hali nzuri, isipokuwa mmoja aliyekuwa amekatika mkia kabla ya mchezo." Kila hati alitoa nakala tatu. Ya kwanza alimpa mshindi, ya pili aliiweka kabatini. Ya tatu hatukuiulizia. Tulidhani tatu ni ugonjwa wake tu.

Tukaishi hivyo miaka minne.

Kilichotuangusha ni furaha. Mwenye kampuni alikuja kutembelea kiwanda pamoja na wageni wenye kofia nyeupe. Walikuwa wamesimama mbele ya mashine kubwa, meneja akieleza jinsi isivyosimama kamwe, wakati umeme ulipokatika. Mashine ikanguruma, ikafa. Na katika kile kimya, Kabwe, aliyekuwa ametaja dakika ile ile, akapiga kelele "Gooool!", akavua kofia, akaanza kucheza dansi kati ya magunia. Sisi wanne, tuliopoteza, tulimpigia makofi kwa mazoea.

Mwenye kampuni akauliza kwa upole kwa nini wafanyakazi wake wanafurahi kiwanda kikisimama.

Madame wa personeli, ambaye alikuwa na miezi mitatu tu pale, alipewa kazi ya kupata jibu. Alilipata kabla ya jioni. Alifungua kabati la chuma na kukuta miaka minne ya makosa yetu, yamepangwa kwa tarehe, yamesainiwa, na mengine yana maelezo pembeni. Nadhani hakuna ofisi ya personeli duniani iliyowahi kupata zawadi kama ile. Kanuni za kampuni zilisema wazi: kucheza kamari mahali pa kazi ni kosa zito. Siku ya nane tukapokea barua, sisi watano. Kufukuzwa kwa kosa zito: hakuna notisi, na kadi ya zahanati ya kampuni inarudishwa siku hiyo hiyo. Delege hawakumgusa, kwa kuwa mwakilishi wa wafanyakazi hafukuzwi hivi hivi, na pia alibakiza wiki sita astaafu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Daktari wa zahanati ya kampuni alikuwa amekwisha kutuambia kwamba mtoto amelala vibaya na atatolewa kwa kupasuliwa. Bila kadi ile sikuwa na hospitali wala njia ya kuipata. Nilirudi nyumbani na barua mfukoni, nikamwambia mke wangu, naye hakulia. Aliniuliza tu, "Juu ya samaki?" Nikasema ndiyo. "Mutoto yangu atakufa juu ya samaki?" Mpaka leo swali lile likinijia ninaona aibu mwili mzima.

Delege akatuandikia malalamiko, akatupeleka kwa mkaguzi wa kazi, kwa sababu mgogoro wa namna hii hupita kwake kwanza kabla ya mahakama. Mke wangu alikataa kubaki nyumbani. Akaja, akaketi kwenye benchi mlangoni, mikono juu ya tumbo.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi. Alisoma hati zetu kwa sauti, moja baada ya nyingine, akijitahidi kubaki serikali. Alifika penye "kichwa cha samaki kimegawanywa kwa ridhaa ya pande zote," akaziweka chini, akakohoa muda mrefu dirishani. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Sahihi ni zenu?" akatuuliza.

Tukasema ni zetu. Tungesema nini?

"Madame, mulijua lini iyi mambo?"

"Siku ile walipopiga kelele," akasema Madame. "Na barua za kuwafukuza zilitoka siku nane baadaye. Sheria inanipa siku kumi na tano za kazi tangu kujua. Niko ndani ya muda."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imekwisha. Kabwe, mwanaume mwenye kifua kama mlango, akaanza kulia bila sauti. Hapo Delege akainuka, akafungua ule mpira wa mkoba.

"Muheshimiwa, naomba neno. Kila PV ilikuwa na nakala tatu. Ya kwanza ya mushindi. Ya pili ya kabati. Ya tatu ya direction, ya ba chef, kwa kubajulisha. Nilikuwa nabapelekea kila vendredi, siku ya Ijumaa. Ku mapokezi balipiga cachet. Cachet njo iyi."

Akaweka rundo mezani. Likafuata rundo la pili. Kila karatasi ilikuwa na muhuri wa kampuni, tarehe na sahihi ya mapokezi, tangu miaka minne iliyopita. Mkaguzi alizipekua taratibu. Madame akachukua moja, akaigeuza, akairudisha kama imemchoma.

"Hakuna mtu aliyezisoma hizi!" akasema.

"Madame, mulizipiga muhuri," akasema mkaguzi.

"Lakini mimi nimefika juzi tu!"

"Weye umefika juzi. Kampuni haikufika juzi." Mkaguzi akafunga faili. "Munajua tangu miaka ine. Siku kumi na tano ilipita zamani sana."

Mchana ule ule Madame akazitafuta nakala za kampuni. Zilikuwa ndani ya katoni moja mapokezi, hazijafunguliwa, na katoni ilikuwa ikizuia mlango usijifunge kwa upepo. Kesho yake tukasaini mapatano: onyo kali, tunarudi kazini, na kadi za zahanati zinarudi nasi.

Mtu angefikiri tulimbeba Delege mabegani. Hata kidogo. Tulipotoka tu kwa mkaguzi, Kabwe alisimama mbele yake, machozi bado hayajakauka.

"Miaka ine, Papa Delege? Kila vendredi unapeleka majina yetu kwa ba chef?"

"Njo imebaokoa."

"Ulijua itatuokoa?"

Delege alifunga mpira wa mkoba, akaufunga tena. "Ilikuwa utaratibu," akasema.

Tukamwacha amesimama pale. Tulitembea sisi watano pamoja na mke wangu, na hakuna aliyegeuka. Moyo wa mtu ni kitu cha ajabu: nilikuwa nimerudishiwa mkate, nami nilichokiona ni mkono uliokuwa ukinichongea. Tulimwita mchongezi, na neno lile likazunguka kiwanda kizima kwa siku mbili. Binti yangu akazaliwa salama katika zahanati ya kampuni, Delege akatuma salamu kwa maandishi, sikujibu. Siku ya kumuaga, wiki chache baadaye, soda zilikuwa nyingi kuliko watu. Nilipita mbele ya mlango, nikamwona ameketi na shati lake limefungwa mpaka kooni, hotuba mkononi. Nikaendelea na njia yangu. Nilijiambia anastahili.

Mwaka huu wenzangu wamenichagua mimi kuwa mwakilishi wao. Sijui walikunywa nini. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba kabati la chuma limefungwa, na ufunguo hakuna aliyewahi kuuona tangu mzee aondoke. Nikamwandikia barua ya kuuomba. Jibu lilikuja siku ya pili, neno moja la kuniita: "Kuya."

Nikaenda kwake, mtaa wa Hewa Bora, Jumamosi asubuhi. Alikuwa amekonda zaidi, ameketi kivulini mwa ukuta wake, miguu ndani ya soksi. Nilianza kutafuta maneno ya miaka sita, naye akanikata, akinionyesha kiti.

"Ikala, mutoto yangu. Ufunguo njo uyu." Akanipa. Kisha akatoa bahasha iliyokuwa chini ya paja lake. "Na iyi pia iko yako. Iyi njo ya kwanza. Kwa inspecteur sikuipeleka."

Ilikuwa barua kwa mkurugenzi, na muhuri wa mapokezi wa tarehe ya wiki ile ile nilipoanzisha mchezo. Haikuwa nakala ya hati yoyote. Ilisema kwamba fundi wa mashine, na jina langu kamili lilikuwepo, ameingiza kamari karakanani na anawavuta wengine. Kwamba yeye, ingawa ni mwakilishi wa wafanyakazi, anaomba bila woga mtu huyo afukuzwe kwa kosa zito, tena upesi.

Nilisoma mara mbili. Kila neno lake lilikuwa kweli.

"Juu ya nini, Papa?"

"Mutoto yangu wa kwanza, ba pari, ile kamari, balimukulaka. Kazi, bibi, mpaka viatu. Akaenda Kilwa, ile yetu ya ku ziwa, sijasikia tena habari yake. Nikakuona weye na ile samaki, unacheka sawa yeye." Akavuta soksi zake juu. "Nikasema, uyu bamufukuze mbiyo, aone. Nikangojea jibu. Kimya. Vendredi nikapeleka PV, bajue mambo inaendelea. Kimya. Ile vendredi yote, miaka ine, nilikuwa nangojea bakufukuze."

"Na kwa mkaguzi?"

"Bibi yako alikuwa ku benchi, na tumbo yake. Iyi barua nilikuwa nayo mu mukoba. Haya ilinikamata, nikaiacha mule."

Sikukasirika. Nilitafuta hasira, sikuipata. Nilikuwa nimeimaliza yote miaka sita kwenye zile nakala zake za Ijumaa. Nilichokuwa nacho ni haya yangu, na ilitosha kwa sisi wawili.

"Mutoto iko wapi?" akauliza, bila kunitazama.

"Iko na mama yake ku soko. Iko na miaka sita. Alizalika ku zahanati ya kampuni. Balimupasula mama yake, na bote beko bazima."

Alivua miwani. Akajaribu kuikunja, akashindwa.

"Basi iyi barua," akasema, "hakuna muntu aliisoma."

"Hakuna, Papa."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

"Aksanti Mungu," akasema, akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Nikasogeza kiti karibu, nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka Mama Delege alipotuita tunawe.